Gari la Keki Halidrifti

Shemeji yangu hajui kuendesha gari. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Leseni anayo, macho anayo, miguu anayo miwili kama wewe na mimi, lakini mwambie arudishe gari nyuma aingie getini kwake uone. Atashusha vioo vyote, atazima redio, ataita mtu wa kumwelekeza, na bado ataikwaruza nguzo. Ile nguzo sasa ina rangi nyeupe nyingi kuliko gari lenyewe.

Lakini mkalishe kwenye kochi umpe padi ya gemu. Hapo utaambiwa nyamaza, bingwa yuko kazini. Anaingia kona ya mlimani gari limekaa ubavu, mkia umetangulia, moshi umejaa skrini nzima, na ulimi wake umetoka nje pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Mtu mzima, kitambi mapajani, kaptula ya tangu jana. Akimaliza kona anageuka kukutazama uso. Anataka umsifu. Mimi huwa naomba maji ya kunywa.

Tangu ofisi yao ifungwe amekuwa akirusha michezo yake hiyo mtandaoni kwa simu, na wapo watu, sijui wanakula nini, wanaokaa kumtazama. Wanamwita Bingwa. Wanamuuliza maswali. Bingwa, gari la kuvuta mbele na la kusukuma nyuma, lipi bora? Naye anajibu kwa sauti ya daktari aliyeshika majibu ya vipimo.

Jambo lenyewe si gumu hata likahitaji bingwa. Kuna magari ambayo injini huzungusha matairi ya mbele, yanajivuta. Kuna mengine huzungushwa matairi ya nyuma, yanasukumwa. La kusukumwa ukilikanyagia mafuta katikati ya kona, mkia unachomoka, na ukijua kuucheza usukani unaweza kwenda hivyo hivyo, umelala upande, mpaka kona iishe. Huko ndiko kudrifti. La kuvuta mbele halitaki mambo hayo. Ukilizidishia mafuta linaacha kukata kona, linakwenda zake mbele kwenye mtaro, wewe unazungusha usukani kama unakoroga uji. Basi. Nimemaliza elimu yote ya shemeji yangu, na sikuhitaji kipaza sauti.

Sasa, mdogo wangu, ambaye ndiye aliyeolewa na hazina hii, anaoka keki. Keki za harusi, za kuzaliwa, za watu waliomaliza chuo. Ana gari dogo jeupe, la kuvuta mbele, ambalo mimi mwenyewe nililing'oa kiti cha nyuma na kuweka ubao wenye sponji. Gari lile ndilo mkono wake wa kulia. Keki ya ghorofa tatu haipandi pikipiki. Na mdogo wangu kwa kuendesha, niseme ukweli, simjui wa kumfikia. Anaanza kupunguza mwendo kabla wewe hujaiona kona. Anakanyaga breki kama anakanyaga mguu wa mtoto mchanga. Anapita kwenye matuta na ghorofa ya juu haisogei hata kiasi cha unywele. Zamani mumewe alikuwa akikaa nyuma kushikilia kitako cha keki. Alipopata watazamaji akaacha. Alisema kazi ile haimfai mtu wa aina yake.

Alhamisi nikiwa chini ya lori, nafungua gia boksi, nikaona viatu vya wazi vimesimama karibu na kichwa changu. Vidole nikavitambua.

"Shemeji," viatu vikasema.

"Sema."

"Toka kwanza. Hii si ya kuzungumza umelala."

Nikatoka. Gari la keki lilikuwa limeegeshwa upande upande mlangoni mwa gereji yangu, limeziba njia.

"Nataka unibadilishie hili liwe la kusukuma nyuma," akasema.

Nilidhani anatania. Nikasubiri acheke. Hakucheka.

"Toa nguvu mbele, ipeleke nyuma," akaendelea, mikono ikichora hewani. "Halafu difu uichomelee, matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Hapo linakubali. Jumamosi asubuhi nina shughuli nalo."

"Difu ya nyuma ya gari hili unajua iko wapi?"

"Chini."

"Inama unionyeshe."

Akainama, akashika goti, akachungulia. Difu ni lile boksi la gia linalogawia matairi nguvu, na gari la kuvuta mbele nyuma halina.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Kuna... tairi la akiba."

"Nichomelee hilo?"

Akainuka amenuna. "Wewe shemeji tatizo lako unadharau. Kwenye gemu nimeshalifanya gari la aina hii hii, rangi hii hii. Unaingia, unachagua kusukuma nyuma, unabonyeza, limekubali. Halichukui hata dakika."

"Basi nenda kalibonyeze."

Ndipo aliponieleza ukubwa wa balaa. Kuna mtazamaji mmoja alimwandikia kwamba yeye ni bingwa wa sebuleni tu, gari la kweli hawezi. Wengine wakacheka. Naye, kwa kuwa kichwa kimevimba na hakuna wa kukitoboa, akawaahidi wote kwamba Jumamosi atadrifti na gari la kweli, wataona kwa macho yao.

"Na gari la kweli ndilo hili la mke wako?"

"Ni gari la nyumbani."

"La nyumbani mwake. Umemwambia?"

"Nitamwambia likishakubali." Akatoa ufunguo mfukoni akauzungusha kidoleni. Ulikuwa ule wa akiba. "Na wewe ukikataa, shemeji, sikulazimishi. Nitakwenda nalo hivi hivi lilivyo kwenye ile kona ya kushukia tangi la maji. Hendibreki ninayo. Kona ile naijua, inafanana kabisa na ya hatua ya nne."

Kona ya tangi la maji, upande mmoja ni ukuta na upande wa pili ni bonde. Nimevuta magari mawili kutoka kule chini, na hakuna lililorudi barabarani. Hatua ya nne sijui ni ya nini.

Nikamwambia aliache gari, nitatazama. Akanipiga bega kama mtu aliyenisaidia.

*

Jioni ile ile nikamfuata mdogo wangu jikoni kwake. Alikuwa anasawazisha sukari ubavuni mwa keki kwa kisu kipana, hakugeuka. Sebuleni tulisikia injini za kwenye skrini zikilia, na bingwa akijishangilia.

Nikamweleza yote. Mkono wake ukasimama hewani, halafu ukaendelea.

"Kwenye tangi la maji," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Atalipeleka bondeni, kaka. Yeye atatoka, wa namna yake huwa wanatoka. Gari halitatoka."

"Mimi nishapata dawa. Nachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, siirudishi. Halitawaka mpaka kichwa chake kipoe."

"Na Jumamosi mchana nina keki ya watu wa harusi, hii unayoiona. Niibebe kichwani?"

"Basi nitamvunja huyo bwana miguu. Hahitaji miguu kushika padi."

"Kaka!" Sasa aligeuka. "Leo utachomoa, kesho atakwenda kwa fundi mwingine, kesho kutwa ataliiba alfajiri. Yule akishaahidi watu amekwisha. Mpaka afanye. Tatizo si kumzuia. Tatizo ni afanye wapi na afanye vipi gari libaki gari."

Nilitaka kumwambia kwamba tatizo lilianza siku ya mahari, lakini alikuwa ameshika kisu.

Akaweka kisu chini akaenda kwenye mfuko wa unga uliokuwa umeegemea ukuta. Mfuko mzito, mimi mwenyewe ningeukunjia mgongo. Yeye hana habari ya kunyanyua. Anauinamisha, anasukuma sinia la plastiki chini ya kitako chake, anaushika masikio ya juu, anavuta. Mfuko unamfuata sakafuni kama mbwa. Alipofika mezani akakata kona, na kitako cha mfuko, juu ya sinia lake, kikamzidi mwendo, kikazunguka nje kwa upana, shwaaa, kikatulia kimelala upande.

Tukatazamana.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Mbele anavuta yeye, nyuma panateleza sinia. Kitako kikachomoka vile vile.

"Una masinia mangapi?" nikamuuliza.

"Mengi. Magumu kama hili ni mawili. Ila, kaka," akashusha sauti, akatupa jicho sebuleni, "asijue. Akijua ni masinia ya keki ataona aibu, akiona aibu ataenda kwenye tangi."

"Nimwambie nimemfungia nini?"

"Mwambie chochote. Ataamini. Huko kwao vitu vinafungwa kwa kubonyeza."

*

Nyuma ya gereji yangu kuna uwanja wa kiwanda cha samani kilichofungwa, sakafu yake ya saruji laini. Ijumaa niliufagia, nikapanga matairi chakavu mbele ya ukuta wa mwisho, yakafika kifuani kwangu. Kwa mwendo wa kutembea kwa miguu hakuna litakaloumia, nilijiambia.

Bingwa nikamwambia gari litakuwa tayari, ila litakubali kwenye saruji laini tu. Jumamosi watazamaji wake walikuja. Wanaume wazima, mmoja ana miwani ya jua, wengine wamevaa fulana zenye picha ya gari linalotoa moshi. Mpiga picha alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye simu yake ina kamera nzuri. Mdogo wangu naye alikuja, aproni kiunoni, masinia mawili ndani ya mfuko. Mumewe alishtuka kidogo kumwona.

"Nimekuja kukutazama," akamwambia. "Au hutaki?"

"Karibu, karibu," bingwa akasema. Alikuwa amevaa glavu za ngozi. Glavu! Jua la kupasua kichwa, mtu kavaa glavu kuingia kwenye gari linalonukia vanila.

Nikamketisha, nikamfunga mkanda. "Sikiliza. Nimekufungia mfumo mpya. Nyuma patateleza bila difu. Lakini una masharti. Hendibreki naivuta mimi mpaka juu, na inabaki juu. Gia ya kwanza, mafuta kidogo kidogo, unakata usukani. Ukiishusha hendibreki, mfumo unazima."

Akakunja uso. "Hendibreki huwa haikai juu, shemeji. Unaigusa na kuachia. Tap, basi. Ukiishikilia, unapoteza mwendo."

"Kwenye hili inakaa juu."

"Huu mfumo ni wa kampuni gani?"

"Ni wa nyumbani."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kuusikia. Nikaenda nyuma na jeki. Nikainua tairi moja, mdogo wangu akasukuma sinia chini yake, nikashusha. Upande wa pili vile vile. Watu walikuwa wamesimama mbele ya gari kwa mbali, kwa kuwa bingwa aliwaambia kwamba mbele ndiko kuzuri kwa picha. Kinyozi peke yake alizunguka ubavuni akaona. Mdomo ukamfunguka.

"Kinyozi," mdogo wangu akamwambia taratibu, huku anafuta mikono kwa aproni. "Keki ya binti yako mwezi ujao umesema unataka ghorofa ngapi?"

"Nne."

"Ukisema neno moja utapata mkate."

Kinyozi akafunga mdomo.

Yule wa miwani naye akapaza sauti kutoka kule mbele: "Kile kilicho chini ya tairi ni nini?"

"Difu," mdogo wangu akajibu.

Jamaa akamgeukia mwenzake, akamweleza. Nilimwona anaeleza, kwa mikono yote miwili.

Bingwa akawasha. Akaachia klachi kwa kishindo, gari likazima. Akawasha tena. Safari hii likaondoka, mbele linavuta, nyuma matairi yamekufa ganzi juu ya masinia, plastiki inalia juu ya saruji kama ng'ombe anayekamuliwa vibaya. Akakata usukani kulia. Na mkia, sijadanganya mtu, ukachomoka. Ukaenda nje kwa upana, mzuri, wa taratibu, kama ule mfuko wa unga. Gari likazunguka duara zima limelala upande.

Watu wakapiga kelele. "Bingwa! Bingwa! Muue!"

Mwendo huo bibi kizee angelipita akiwa na mkongojo. Lakini wale walishikana mabega. Mmoja alivua fulana. Nami nilimwona shemeji kupitia kioo: ulimi umetoka pembeni, uso unang'aa. Akazunguka la pili. Nikamtazama mdogo wangu, naye alikuwa anahesabu kimoyomoyo, midomo inamcheza, anasubiri liishe.

Angeacha hapo angekwenda nyumbani na heshima zake. Lakini kuacha hakujui. La tatu akataka kuongeza ujuzi wa kochini. Mkia ulipotoka, akarudisha usukani upande wa pili, kama wanavyofanya huko kwao, na mkono wa kushoto ukaenda kwenye hendibreki. Tap. Akaishusha.

Matairi ya nyuma yakazunguka, yakashuka kutoka kwenye masinia, yakauma saruji. Gari likanyooka na kufuata matairi ya mbele yalikoelekea, na yalikuwa yameelekea ukutani. Na mguu wa bingwa ulikuwa bado kwenye mafuta, kwa sababu kwenye gemu mguu haupo, kuna kidole tu, na kidole hakitoki.

"Breki!" nikapiga kelele. "Kanyaga breki wewe!"

Hakukanyaga. Honi ya gari lile iko kwenye usukani, kushoto na kulia, pale pale vidole gumba vinapokaa. Tukasikia: piiii! piiii! piiii! Anabonyeza kwa vidole vyote viwili, kwa nguvu zote, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Piiii! Wale mashabiki walidhani anashangilia, nao wakashangilia. Mdogo wangu alishika aproni kwa mikono miwili akazibia mdomo. Gari lake linakwenda ukutani, linalia.

Likaingia kwenye matairi chakavu. Buf. Likatikisika, likazima. Tairi moja la juu likaanguka juu ya boneti, likakaa vizuri kabisa, kama taji.

Mdogo wangu alifika kabla yangu. Hakumtazama mumewe kwanza. Alitazama bampa, akatazama taa, akapiga magoti akatazama chini, akafungua mlango wa nyuma akaona ubao wake umekaa sawa. Kibao cha namba kilikuwa kimepinda. Basi. Ndipo akafungua mlango wa dereva.

Bingwa alikuwa ameketi vile vile, vidole gumba kwenye honi, ila sasa havibonyezi.

"Nilitafuta kitufe," akasema. Kwa sauti ndogo. Mimi nilisikia kwa kuwa nilikuwa natoa tairi kwenye boneti.

"Kitufe gani?"

"Cha kurudisha nyuma. Ukikosea kona unakibonyeza, gari linarudi pale kabla hujakosea. Unaanza upya." Akameza mate. "Nilikitafuta, mke wangu. Nilikitafuta kweli."

"Kwenye hili hakipo," akamwambia.

"Nimeona."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo tangu Alhamisi, nimeyapanga, mengine yalikuwa mazuri sana. Mdogo wangu akanitupia jicho, nikayameza yote.

Mashabiki walikuwa wanakuja mbio. Shemeji akasikia miguu yao, na hapo hapo, sijui anaitoa wapi, akavaa uso mwingine. Akashuka, akavua glavu kidole kimoja kimoja. Akaona masinia yamelala katikati ya uwanja, kila moja lina kovu jeusi. Akaenda akayaokota. Akayageuza. Nyuma ya moja palikuwa na mabaki ya krimu ya waridi. Akayatazama kwa muda, nami nikaona masikio yanamwiva.

"Nyuma palikuwa pepesi kidogo, shemeji," akaniambia kwa sauti kubwa, wote wasikie. "Toleo lijalo paongezee uzito."

Nikageukia boneti. Nilikuwa nashughulika kutokufa kwa kicheko.

Halafu akatia mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo wa akiba, akauweka juu ya sinia. Akamletea mke wake hivyo hivyo, kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta chai kwa mgeni. Mdogo wangu akauchukua, akaufunga pamoja na ule wake.

"Sinia utaliosha wewe," akamwambia.

"Nitaosha."

Yule wa miwani ya jua akanivuta pembeni. Alitaka kujua kama naweza kumfungia na yeye difu kama ile. Nikamwambia aje Jumatatu, na aje na sinia lake.

Tulinyoosha kibao cha namba kwa nyundo. Mchana wakapita tena gerejini kwangu nimkazie boliti ya bampa, keki imeshapakiwa, ghorofa tatu, nyeupe, na juu kabisa sanamu za maharusi. Na nyuma, kwenye ubao wa sponji, magoti yamefika masikioni, alikuwa ameketi Bingwa, amekumbatia kitako cha keki kwa mikono miwili. Hana glavu.

"Ukipumua nakushusha," mkewe akamwambia kutoka mbele.

Hakupumua. Nilipomaliza kukaza, mdogo wangu akatazama kioo kimoja, akatazama cha pili, akatoka getini kwangu kinyumenyume, katikati ya nguzo na lori la watu, bila kumwita mtu wa kumwelekeza. Maharusi hawakutikisika.